Kabla hujashika msasa: Honda CB750 na swali la "kama ilivyotoka kiwandani"

Tuanze na jaribio dogo la kichwani. Umenunua pikipiki kuukuu, Honda CB750 ya mwaka 1969. Imelala bandani miaka na miaka. Tangi lina kutu, kiti kimechanika, nyaya zimetafunwa na panya. Unaiosha injini kwa dizeli na brashi, grisi inatoka tabaka kwa tabaka, na chini yake unakuta alumini yenye uso wa kukwaruza, una vinundu vinundu kama ganda la chungwa. Wewe umezoea kuona injini za Kijapani zikiwa laini kama sahani. Basi unachukua msasa, unasugua jioni nzima hadi inang'aa. Majirani wanapita wanasifu.

Pole. Umefuta ukurasa muhimu kuliko yote katika historia ya pikipiki hiyo, na hakuna duka la spea linalouza ukurasa mwingine.

Kwa nini ule uso mbaya ulikuwa na thamani? Ili kujibu swali hilo, lazima twende Japani na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Njiani tutakutana na ubishi ambao huenda umeusikia popote mafundi wanapokaa kijiweni. Upande mmoja unasema chombo cha zamani kirudishwe kama kilivyotoka kiwandani, hadi skrubu ya mwisho. Upande wa pili unasema chombo ni changu, nakichonga nipendavyo. Nataka kukuonesha kwamba historia ya CB750 inazitia shaka pande zote mbili.

Pikipiki ambayo hata wenyewe hawakuiamini sana

Mwaka 1967 mhandisi wa Honda aitwaye Yoshirō Harada alikwenda Marekani kusikiliza soko. Wakati huo Honda ilikuwa na CB450, pikipiki ya kasi na ya kuaminika, lakini Wamarekani hawakuichangamkia. Walitaka kitu kikubwa. Kwao pikipiki kubwa ilimaanisha Harley-Davidson, au zile za Uingereza kama Triumph na BSA. Tena tetesi zilikuwa zimeanza kusikika kwamba Waingereza wanaandaa mashine ya silinda 3 yenye ujazo wa sentimita 750.

Februari 1968 timu ya watu kama 20 ikaanza kazi. Honda ilikuwa ndo imejiondoa kwenye mashindano ya dunia ya pikipiki, ambako ilikuwa imeshatengeneza injini ndogo zenye silinda 4, 5, hata 6. Ujuzi ulikuwepo. Oktoba mwaka huohuo, pikipiki ikaoneshwa kwenye maonesho ya magari ya Tokyo. Ilikuwa na silinda 4 zilizopangwa upande kwa upande, kabureta 4 na ekzosi 4. Ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 736, na nguvu yake ilikuwa ya farasi 67 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika.

Gurudumu la mbele lilikuwa na breki ya diski, inayosukumwa na mafuta ya breki. Leo hata bodaboda inayokupeleka chuoni huenda ina diski mbele, lakini wakati ule pikipiki za kuuzwa kwa wingi zilitumia breki ya dramu. Harada alimpelekea bosi, Soichiro Honda, michoro miwili, wa dramu na wa diski, na mzee akachagua diski. Fizikia ilikuwa upande wake. Dramu ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu vya breki vilivyo ndani yake, kwa hiyo unavyozidi kufunga breki mlimani ndivyo inavyozidi kulegea. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, na kwa kuwa iko wazi, upepo unaipoza.

Januari 1969, kwenye mkutano wa wauzaji huko Las Vegas, bei ikatangazwa: dola 1,495. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, maana pikipiki kubwa za washindani ziliuzwa karibu mara mbili ya hapo au zaidi. Sasa sikiliza sehemu inayohusu msasa wako. Mpango wa Honda ulikuwa kutengeneza pikipiki 1,500 kwa mwaka. Maombi yalipomiminika, 1,500 ikawa hesabu ya mwezi mmoja, na baadaye hata hiyo haikutosha, ikapandishwa hadi 3,000 kwa mwezi.

Uso wa kukwaruza unasema nini

Ganda la injini, yaani lile kasha linalobeba krankshafti na gia, hutengenezwa kwa kusubu alumini. Alumini huyeyushwa, humiminwa kwenye kalibu, huachwa igande. Tofauti iko kwenye aina ya kalibu na namna ya kumimina.

Njia ya kwanza ni kuiacha alumini ishuke yenyewe ndani ya kalibu, kwa uzito wake. Kalibu za namna hii ni nafuu kiasi na huandaliwa haraka. Ubaya wake ni kwamba kazi inakwenda polepole, na uso wa chuma unatoka na mikwaruzo.

Njia ya pili ni kuisukuma alumini kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu iliyochongwa kwa usahihi wa hali ya juu. Kipande kinatoka laini, chembamba, kwa sekunde chache. Lakini kalibu hiyo ni ghali sana, na kuichonga huchukua muda mrefu. Inalipa pale tu unapojua utatoa vipande maelfu kwa maelfu.

Jiweke kwenye viatu vya wahasibu wa Honda mwaka 1968. Hujui kama Mmarekani atanunua pikipiki kubwa ya Kijapani. Utamwaga pesa kwenye kalibu za gharama? La hasha, unaanza na zile za bei nafuu. Ndiyo maana CB750 za kwanza 7,414 zilitoka na maganda yale yenye uso wa kukwaruza. Soko lilipoitika, Honda ikahamia kwenye njia ya shinikizo, na injini zikawa laini.

Wapenzi wa pikipiki walizipa zile za mwanzo jina la Kiingereza "sandcast", wakiamini kalibu zilikuwa za mchanga. Kumbe sivyo. Kalibu zilikuwa za kudumu, zinazotumika tena na tena. Ni ule uso tu uliofanana na kazi ya mchanga. Jina likaganda hivyohivyo hadi leo.

Kwa hiyo vile vinundu vinundu ni alama ya wasiwasi wa kampuni kuhusu soko, imeandikwa kwenye chuma. Vinakuonesha mpaka kati ya wakati ambapo Honda haikuwa na uhakika na wakati ilipokuwa nao. Hakuna hati ya ofisini inayolisema hilo wazi kama lile ganda. Wanunuzi nao wanalijua: mwaka 2018, CB750 mojawapo ya zile chache za majaribio zilizotangulia uzalishaji iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 160,000.

Kiwanda ndicho kilikuwa mchongaji wa kwanza

Ukifika hapa unaweza kusema: sawa, basi tuirudishe kama ilivyotoka kiwandani, tumalize. Swali langu ni moja tu. Kiwandani lini?

Chukua mfano wa kabureta. Kwenye matoleo ya kwanza, waya mmoja ulitoka kwenye mkono wa mafuta, ukafika kwenye kiungo, kisha ukagawanyika kuwa nyaya 4, kila kabureta na wake. Nyaya hunyooka kwa matumizi, na hazinyooki sawasawa. Baada ya muda silinda moja inavuta hewa nyingi na nyingine kidogo, injini inatetemeka, na inagonga gonga ikiwa imesimama. Fundi alilazimika kufunga vipimo vya mvuto wa hewa kwenye silinda zote 4 na kurekebisha waya mmoja mmoja hadi vipimo vilingane. Mwaka 1970 Honda ikaja na toleo lililoitwa K1, ambalo kabureta zote 4 zilifunguliwa kwa pamoja na mtambo mmoja wa vyuma. Tatizo likapungua sana.

Cheni nayo ilikuwa na kisa chake. Cheni za pikipiki za wakati ule hazikuwa zimezoea nguvu ya namna hii. Ikikatika kwa kasi, iliweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini nyuma yake. Ganda lilelile la thamani! Cheni zikaboreshwa kadiri miaka ilivyokwenda.

Au tazama mbio za Daytona, Florida, Machi 1970. Honda ilipeleka pikipiki 4 zilizotokana na CB750. Tatu hazikumaliza. Ya nne iliendeshwa na Dick Mann, Mmarekani wa miaka 35, umri ambao wengi walishamhesabu mzee wa mbio. Tatizo lilikuwa raba ya kikaza cheni ya kamshafti, iliyokuwa ikimeguka ndani ya injini. Mann aliibembeleza mashine yake, hakuikamua hadi mwisho, na akavuka mstari wa kwanza sekunde chache tu mbele ya aliyemfuata, injini ikiwa imeshaanza kuchoka. Ushindi ule uliuza CB750 nyingi mno. Ndani ya injini iliyoshinda kulikuwa na kasoro.

Unaona tunapofikia? Matoleo yenye kabureta za aina hii, ya silinda 4 na kamshafti moja juu, yaliendelea hadi 1978, na zilitoka zaidi ya 400,000. Katika miaka hiyo yote wahandisi walikuwa wakibadilisha hiki na kuimarisha kile. CB750 moja "halisi" haipo. Kuna mfululizo wa majibu, kila moja likijibu tatizo la mwaka wake. Ukiirudisha yako katika hali ya 1969, unairudisha pia kwenye nyaya 4 zisizolingana. Na nikuulize: utaifunga cheni ya mwaka 1969, au ya leo? Hata wakarabati wakali kabisa hufunga cheni mpya, matairi mapya na mpira mpya wa breki. Wanafanya hivyo kwa sababu wanapenda kurudi nyumbani wakiwa hai.

Kisha wakaja mafundi wa mitaani

Hideo Yoshimura alizaliwa mwaka 1922 huko Fukuoka, Japani. Wakati wa vita alijifunza urubani jeshini, akaumia kwenye mazoezi ya mwavuli, akaishia kuwa fundi wa injini za ndege. Baada ya vita, wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambini karibu na kwao walimletea pikipiki zao azichonge ziwe na kasi. Mwaka 1954 alifungua gereji. Wateja wakampa jina la baba: "Pops".

CB750 ilipotoka, Yoshimura aliifungua akaona nafasi. Alichonga njia za hewa kwenye kichwa cha injini kwa mkono, akabadilisha umbo la kamshafti ili valvu zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1971 pikipiki yenye injini aliyoiandaa iliongoza mizunguko ya mwanzo ya Daytona kabla ya kuharibika. Yeye pia ni miongoni mwa waliotangulia kuunganisha ekzosi 4 kuwa bomba moja kwenye pikipiki. Haikuwa suala la kupunguza uzito tu. Moshi ukitoka silinda moja huacha nyuma yake wimbi la mvuto, na ukipima vizuri urefu wa mabomba, wimbi hilo linafika kwenye silinda jirani wakati unaofaa na kuisaidia kutoa moshi wake.

Wengine walipanua silinda, na hapa nipe dakika moja ya hesabu. Silinda ya CB750 ina kipenyo cha milimita 61 na pistoni inasafiri milimita 63. Ukipanua kipenyo hadi milimita 65, umeongeza milimita 4 tu, kama asilimia 6.6. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ujazo unapanda kutoka 736 hadi 836, karibu asilimia 14. Ndiyo maana namba 836 ikawa maarufu sana kwa wachongaji. Gharama yake ni kwamba chuma kilichokwanguliwa hakirudi. Ukuta umepungua milimita 2 kila upande, na joto limeongezeka.

Huko California, Russ Collins alikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1970 alifunga injini 3 za CB750, silinda 12 kwa jumla, kwenye pikipiki moja ya mbio za mstari ulionyooka. Wengine walirefusha uma za mbele wakapata chopa. Na wengine, kwa kufuata mtindo uliotoka Uingereza, waliweka usukani wa chini na kiti kifupi, wakakata mkia wa fremu, wakaiita "café racer". Mtindo huo umerudi kwa kishindo miaka ya karibuni, na CB750 ndiyo mojawapo ya pikipiki zinazokatwa sana.

Je, hawa waliharibu historia? Siwezi kusema hivyo kwa Yoshimura. Injini aliyoichonga mwaka 1971 ni hati ya kihistoria sawa na ganda la mwaka 1969. Mtu akiipata leo, akaing'oa kamshafti ya Yoshimura na kuweka ya kiwandani ili iwe "halisi", atakuwa amefuta ukurasa kama yule mwenye msasa.

Kipimo kimoja ninachokupendekezea

Kama kiwanda kilibadilisha, na mafundi mashuhuri walibadilisha, basi kuuliza "ni halisi au si halisi" hakutusaidii sana. Naona swali bora ni hili: ninachotaka kufanya kinaweza kurudishwa nyuma?

Kubadilisha usukani kunarudishika. Kufunga kifaa cha kisasa cha umeme badala ya platini kunarudishika, mradi umezihifadhi platini. Kukata fremu, kupanua silinda, kusugua uso wa ganda la injini: hivyo havirudi. Sisemi usivifanye kamwe. Ila vifanye ukijua unachokifuta, na kwenye mashine ambayo zipo nyingine nyingi kama hiyo.

Ekzosi zinaonesha jambo hili vizuri. Petroli ina haidrojeni, na ikiungua hutoa maji. Ukipiga hesabu ya kemia yake, lita moja ya petroli hutoa takribani lita moja ya maji. Kwa safari ndefu bomba linapata moto na maji hutoka kama mvuke. Kwa safari fupi fupi yanabaki ndani na kulila bomba kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo ekzosi nyingi za mwanzo za CB750 zilioza zenyewe. Nyingine ziling'olewa na waliotaka bomba moja kama la Yoshimura, zikatupwa kama takataka. Leo watu wanazitafuta kwa tochi. Kumbe sanduku moja na kona kavu ya stoo vingetosha.

Hata skrubu zina historia. Kichwa cha msalaba cha skrubu za Kijapani za enzi hizo kilifuata kiwango cha Japani, ambacho kinatofautiana kidogo na bisibisi ya nyota tunayonunua madukani. Ukiilazimisha, bisibisi inapanda juu na kukila kichwa. Vizazi vya mafundi vililaani "skrubu laini za Kijapani" wakati kosa lilikuwa kwenye bisibisi. Ukiona injini ya zamani yenye vichwa vya skrubu vizima, ujue aliyeishika kabla yako alikuwa na vifaa sahihi na hakuwa na haraka.

Sasa nirudi kwako. Huenda hutaiona CB750 maishani. Lakini huenda nyuma ya nyumba ya babu kuna Honda au Yamaha ya zamani imelala chini ya turubai, na wewe umeahidi kuifufua likizo hii. Kabla ya kufungua nati ya kwanza, piga picha za kila upande. Andika namba ya fremu na namba ya injini. Muulize babu ilinunuliwa lini, nani aliitengeneza, kile kibao kilichochomelewa kando ni cha nini. Pengine kilibeba magunia ya kahawa au kiliwekwa baada ya ajali ambayo familia inaikumbuka. Kila unachong'oa kitie kwenye mfuko wenye karatasi ya maelezo. Daftari la ulichobadilisha na tarehe zake likae pamoja na kadi ya pikipiki.

Ukishamaliza hayo, ifufue unavyotaka, iendeshe, ichafuke tena. Msasa uache wa mwisho kabisa.